Ufadhili wa utafiti wa saratani za uzazi za wanawake nchini Tanzania

Ufadhili wa utafiti wa saratani za uzazi za wanawake nchini Tanzania ni fedha, vifaa na nafasi za masomo zinazotolewa na serikali, mashirika ya nje na taasisi za kitaaluma kwa ajili ya kuchunguza saratani zinazoanzia katika viungo vya uzazi vya mwanamke. Kati ya saratani hizo, ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayopata sehemu kubwa ya fedha, kwa kuwa ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini na pia inaweza kuzuiwa.

Utafiti mwingi umefanyika katika miji yenye hospitali kubwa na vyuo vikuu vya tiba, yaani Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Mikoa ya pembezoni kama Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, hunufaika na matokeo ya utafiti huo, ila ni nadra kuwa mahali ambapo mradi unaanzishwa na kuongozwa.

## Saratani zinazohusika

Saratani za uzazi za wanawake ni pamoja na:

* saratani ya mlango wa kizazi (huitwa pia shingo ya kizazi);
* saratani ya mji wa mimba, hasa ya utando wa ndani;
* saratani ya ovari;
* saratani ya uke na ya sehemu za nje za uke;
* saratani zinazotokana na kondo la nyuma, ambazo ni nadra na mara nyingi hupona kwa dawa.

Saratani ya matiti kwa kawaida huhesabiwa peke yake.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma vya binadamu (HPV). Aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Harald zur Hausen wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari ya kupata saratani hiyo mara sita hivi kuliko wasio na VVU.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) lenye makao Lyon, Ufaransa, wanawake zaidi ya 10,000 hugunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi nchini Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufa kwa ugonjwa huo. Duniani kote mwaka 2022 kulikuwa na wagonjwa wapya takriban 660,000 na vifo 350,000, vingi mno vikitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Saratani ya ovari haina kipimo cha uchunguzi wa mapema kilichothibitika kupunguza vifo. Jaribio kubwa la Uingereza lililofuatilia wanawake zaidi ya 200,000 lilionyesha mwaka 2021 kwamba kuwapima kila mwaka kwa damu au kwa picha ya mawimbi ya sauti hakukupunguza vifo. Utafiti wa ukubwa huo hugharimu fedha nyingi kwa miaka mingi. Ni sababu mojawapo inayofanya watafiti wa Afrika Mashariki waelekee zaidi kwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo maswali yake yanaweza kujibiwa kwa gharama ndogo.

## Hali ya Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma wanaoishi vijijini kwa kilimo cha pamba na mazao ya chakula pamoja na ufugaji.

Kipimo cha kwanza cha mlango wa kizazi katika vituo vingi vya Tanzania ni kupaka siki iliyopunguzwa makali na kuangalia kwa macho kama kuna mabadiliko meupe. Mabadiliko madogo huweza kutibiwa hapohapo kwa kugandisha au kwa joto. Mwanamke anayeshukiwa kuwa na saratani yenyewe huhitaji kuchukuliwa kipande cha nyama, kusomewa na mtaalamu wa patholojia, kisha upasuaji, dawa au mionzi.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bariadi, lakini hospitali ya kanda yenye huduma za saratani ni Bugando, jijini Mwanza. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na huhudumia mikoa yote ya Kanda ya Ziwa. Kabla haijawa na tiba ya mionzi, wagonjwa wa kanda hiyo walilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Taasisi hiyo ina asili katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ilifanywa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya mwaka 1996.

Simiyu imewahi kupata fedha za nje kwa afya ya wanawake. Mfano ni mradi wa Uzazi Uzima, uliofadhiliwa na serikali ya Kanada na kutekelezwa na Amref pamoja na washirika wake ili kuboresha afya ya uzazi na uzazi wa mpango mkoani. Fedha za namna hiyo ni za huduma: hununua vifaa, hufundisha wauguzi na kufikisha huduma vijijini. Fedha za utafiti ni tofauti, kwa kuwa hulipia swali ambalo jibu lake halijajulikana. Mkoa unaweza kuwa na miradi mingi ya huduma bila kuwa na hata mradi mmoja wa utafiti wa saratani unaoongozwa na mtu aliyeko huko.

## Utafiti uliofanyika na waliougharimia

### Kanda ya Ziwa

Mwanza ina historia ndefu ya majaribio ya tiba. Kati ya mwaka 1991 na 1995 jaribio lililofanyika vijijini lilionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ushirikiano kati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London uliendelea baadaye. Mwaka 2006 ilianzishwa Mwanza taasisi ya majaribio ya tiba inayojulikana kwa kifupi kama MITU.

Taasisi hizo ndizo zilizoendesha jaribio la DoRIS. Wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliandikishwa kuanzia mwaka 2017 na kugawanywa kwa bahati nasibu ili wapate dozi moja, mbili au tatu za chanjo mojawapo kati ya mbili za HPV. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 98 ya wasichana katika kila kundi, wakiwemo waliopata dozi moja tu, walikuwa na kinga dhidi ya virusi vya aina 16 na 18 katika damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Gharama zililipwa na serikali ya Uingereza na Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo pamoja na mfuko wa Wellcome na mfuko wa Bill na Melinda Gates.

Nchini Kenya jaribio la KEN SHE, lililofadhiliwa na mfuko wa Gates, liliandikisha wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Lilionyesha kuwa dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali ratiba ya dozi moja. Tanzania ilikuwa imeanza kutoa chanjo kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, kisha nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Mwezi Aprili 2024 ilihamia kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa mkoa wenye shule nyingi za vijijini kama Simiyu, badiliko hilo lina maana kubwa: mhudumu wa afya hahitaji tena kurudi shuleni miezi kadhaa baadaye kuwatafuta wasichana walewale, ambao baadhi watakuwa wamehama au wameacha shule.

### Moshi na Dar es Salaam

Hospitali ya KCMC mjini Moshi na Ocean Road zimeshirikiana na watafiti wa Denmark kuchunguza HPV na mabadiliko ya mlango wa kizazi kwa wanawake wenye VVU na wasio na VVU. Uchunguzi uliofanyika kabla ya chanjo kuenea ulikuta virusi hatari vya HPV kwa takriban mwanamke mmoja kati ya watano, na kwa karibu nusu ya wanawake wenye VVU. Mradi wa CONCEPT uliofuata ulilipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Denmark kupitia DANIDA.

Mradi Mtambuka wa Saratani Tanzania, ulioanza mwaka 2020, ulikuwa na bajeti ya euro milioni 13.3. Kati ya hizo, milioni 10 zilitoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD) na zilizobaki kwa taasisi za Aga Khan. Ulihusisha Ocean Road, Muhimbili na Bugando, na ulilenga hasa huduma na mafunzo katika Dar es Salaam na Mwanza.

## Vyanzo vya fedha

### Vya ndani

* Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE) ulioanzishwa mwaka 1995. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa ushindani katika maeneo ya kipaumbele cha taifa, afya ikiwa mojawapo.
* NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, hufanya utafiti wake yenyewe na ina kituo Mwanza.
* Vyuo vikuu vya tiba, kama Muhimbili, KCMC na chuo cha Kikatoliki kilichoko Bugando, huwawezesha wanafunzi wa uzamili kufanya utafiti kwa ajili ya tasnifu zao. Kwa madaktari wengi huo ndio utafiti wa kwanza.

Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, lakini nchi nyingi hazijafikia kiwango hicho. Hivyo miradi mikubwa huendelea kutegemea fedha za nje.

### Vya nje

* Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH), hasa taasisi yao ya saratani na kituo cha Fogarty kinachogharimia mafunzo ya watafiti wa nchi nyingine.
* Wellcome na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza.
* Mfuko wa Gates, hasa katika chanjo.
* EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika ulioanzishwa mwaka 2003. Hulenga magonjwa ya kuambukiza, hivyo saratani yenyewe haiko katikati ya kazi zake. Lakini utafiti wa VVU au wa magonjwa ya vimelea unaogusa afya ya uzazi unaweza kuingia.
* DANIDA ya Denmark, kupitia ushirikiano wa vyuo vikuu.

### Kwa watafiti wanaoanza

Shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani (AORTIC) limetoa, kwa kushirikiana na taasisi ya saratani ya Marekani, ruzuku ndogo za kuanzia kwa watafiti chipukizi wa Kiafrika, zinazoitwa BIG Cat. Umoja wa Kimataifa wa Kudhibiti Saratani (UICC) hugharimia ziara fupi za mafunzo katika hospitali na maabara za nje. IARC hutoa nafasi za mafunzo ya takwimu na elimu ya mienendo ya saratani. Chama cha kimataifa cha saratani za uzazi (IGCS) kina programu ya kuwafundisha madaktari wa nchi zisizo na mafunzo rasmi ya ubingwa huo.

## Aina za ruzuku

Ruzuku hutofautiana kwa ukubwa na lengo:

1. Ruzuku ya kuanzia hulipia kazi ndogo ya mwaka mmoja au miwili, kama kupitia mafaili ya wagonjwa au kujaribu dodoso.
2. Ruzuku ya mafunzo hulipia ada, posho na msimamizi wa mtafiti anayesoma.
3. Ruzuku ya mradi hulipia timu nzima kwa miaka kadhaa.
4. Ruzuku ya jaribio la tiba hulipia dawa au chanjo, bima ya washiriki, maabara na bodi huru ya kufuatilia usalama.
5. Ruzuku ya miundombinu hulipia maabara, mashine na rejista za saratani.

Mtafiti ambaye hajawahi kuchapisha kazi huwa na nafasi finyu ya kupata aina ya tatu au ya nne. Njia ya kawaida ni kuanza na ruzuku ndogo, kuchapisha matokeo, kisha kuomba kubwa zaidi akiwa pamoja na mtafiti mzoefu.

## Maombi na vibali

Wafadhili wengi hawatoi fedha kwa mtu binafsi bali kwa taasisi mwenyeji yenye akaunti inayokaguliwa na ofisi ya kusimamia ruzuku. Daktari aliyeko Bariadi kwa hiyo huomba kupitia chuo kikuu, NIMR au hospitali ya kanda. Andiko la mradi hueleza swali la utafiti, kilichojulikana tayari, mbinu, idadi ya washiriki na jinsi ilivyokokotolewa, bajeti, na namna matokeo yatakavyofikishwa kwa jamii na wizara.

Mradi hauwezi kuanza kabla ya kupata kibali cha maadili. Utafiti wa afya hupitiwa na kamati ya maadili ya taasisi na kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha COSTECH. Majaribio ya dawa na chanjo huidhinishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji makubaliano ya maandishi. Baadaye timu hujitambulisha kwa uongozi wa mkoa, wilaya, kata na kijiji kabla ya kukutana na washiriki.

Kila mshiriki hupewa maelezo kwa lugha anayoielewa na kutoa ridhaa kwa hiari. Kwa mtoto huhitajika ridhaa ya mzazi au mlezi. Vijijini Simiyu maelezo hayo mara nyingi yanapaswa kutolewa kwa Kisukuma pamoja na Kiswahili. Kazi ya kutafsiri, kusoma fomu kwa sauti kwa wasiojua kusoma na kulipia nauli za washiriki inahitaji kuwekwa katika bajeti tangu mwanzo, kwani ikisahauliwa huwaacha nje wanawake maskini na wa mbali, yaani walewale ambao ugonjwa huwapata wakiwa wamechelewa.

## Mabadiliko ya mwaka 2025

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha kwa muda misaada yake ya maendeleo kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikoma rasmi. Mwezi Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya ambazo taasisi ya Marekani hupitisha sehemu ya fedha kwa mshirika wa nje, hadi utaratibu mwingine uandaliwe. Uingereza nayo ilitangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027.

Tangazo la NIH liligusa moja kwa moja namna ambavyo vyuo vya Tanzania vimekuwa vikipata fedha, kwa sababu ruzuku nyingi zilisajiliwa kwa jina la chuo cha Marekani, huku kazi ikifanyika Moshi, Mwanza au Dar es Salaam. Taasisi yenye uwezo wa kupokea na kusimamia ruzuku yenyewe iko katika hali bora kuliko ile iliyozoea kuwa mshirika mdogo. Huduma pia ziliguswa, kwa kuwa Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoingizwa katika mpango wa Go Further, ambao uliwapima saratani ya mlango wa kizazi wanawake wenye VVU kwa fedha za Marekani.

## Maswali yanayosubiri utafiti Simiyu

WHO iliweka mwaka 2020 malengo ya kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi. Ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kufikia miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Mafanikio hayo hayawezi kupimwa bila takwimu za mkoa.

Swali la kwanza basi ni la hesabu. Rejista za saratani zimejengwa zaidi katika maeneo ya Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Mwanamke wa Meatu anayefia nyumbani bila kupimwa haingii katika hesabu yoyote.

Swali la pili ni kichocho. Simiyu iko katika ukanda wenye kichocho cha mkojo, na minyoo yake inaweza kuweka mayai katika mlango wa kizazi na kusababisha vidonda na kutokwa damu. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa na hata za saratani. Minyoo hiyo imethibitishwa kusababisha saratani ya kibofu. Kama inachangia pia saratani ya mlango wa kizazi, au inarahisisha HPV kudumu, bado inachunguzwa. Utafiti uliofanyika Zanzibar na kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba jamii zinazokijua vizuri kichocho hazikujua kwamba kinadhuru viungo vya uzazi vya mwanamke.

Swali la tatu ni kipimo. Kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kimependekezwa na WHO. Kinaweza kuwafikia wanawake walio mbali na kituo au wanaoona haya kukaguliwa, lakini kinahitaji maabara, usafiri wa sampuli na njia ya kumrudishia mwanamke majibu na kumpatia tiba. Namna ya kuunganisha hatua hizo kutoka zahanati ya kijiji hadi Bariadi, na kutoka Bariadi hadi Bugando, ni jambo la utafiti wa utekelezaji. Utafiti wa aina hii hauhitaji mitambo ghali, bali muda, watu wanaoyajua mazingira na ruzuku ya kiasi.